Shajara ya msimu wa viota: Utqiagvik, kuanzia theluji mpaka vifaranga

27 Mei

Nimefika salama. Utqiagvik, ncha ya juu kabisa ya Alaska, latitudo 71, mji ambao mpaka 2016 ramani zilikua zinauita Barrow. Ndege iliposhuka nikadhani bado tuko ndani ya mawingu, kumbe ile nyeupe ndo ardhi yenyewe, na bahari nayo nyeupe, huwezi kuonyesha kwa kidole pwani inaishia wapi na barafu ya baharini inaanzia wapi.

Walioanza kuufuata mradi huu tukiwa bado Mida Creek, Watamu, pwani ya Kenya, wanajua nimetokea wapi. Miaka yote tuliyokua tunahesabu ndege pale maji yakipwa, swali lililonikaa kichwani ni moja tu: mbona kuna mwaka kundi la chamchanga, wale ndege wadogo wa ufukweni, mwezi wa kumi limejaa watoto, alafu mwaka mwingine unapiga darubini kundi zima ni wakubwa watupu? Mtoto wa mwaka wa kwanza ukishaonyeshwa mara moja humpotezi, manyoya yake ya mgongoni yamezungushiwa ukingo mweupe moja moja kama magamba ya samaki na kifua kina rangi ya chai ya maziwa, wakati mkubwa anarudi amechakaa, manyoya yamekatika ncha na kifuani yamebaki madoa ya ule wekundu wa msimu wa kuzaa. Wengi wa watoto tunaowakosa Mida hawakupotelea njiani, hawakupata hata kuruka mara moja. Ndo maana nimekuja huku mayai yanakotagwa.

Niseme wazi kabla hamjaniuliza: ndege ninaowafuata huku sio wale wanaokuja kwetu. Chamchanga wetu wa mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, wanazaa Siberia, zaidi kwenye rasi ya Taimyr. Wa Utqiagvik wana njia zao, wengine wanashuka mpaka Suriname na Brazili, wengine Japani na China, wengine Ajentina kabisa. Nafasi ya msimu mmoja niliyopata ni ya hapa na nimeipokea kwa mikono miwili, manake kinachoamua msimu hapa ndo kilekile kinachoamua Taimyr: theluji inaondoka lini, lemingi wako wangapi, mbweha wana njaa kiasi gani, na wadudu wanatoka siku gani. Hayo manne ndo kazi yangu mpaka mwisho wa Julai.

30 Mei

Tumepigilia vijiti vya kupimia theluji, mistari miwili, kijiti kila mita 50. Upepo ni mkali sana, ukivua glavu kuandika namba moja vidole vinakataa kushika kalamu namba ya pili. Tunatembea wawili wawili na mmoja lazima awe na bunduki, sababu ya dubu weupe, na kabla ya kutoka unasema kwenye redio unaelekea upande gani na utarudi saa ngapi.

Hizo saa zenyewe zimenisumbua. Jua halijazama tangu karibu tarehe 10 ya mwezi huu na halizami tena mpaka mwanzo wa Agosti. Sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua, saa moja asubuhi limetoka, saa moja jioni limeingia, huku saa sita ya usiku linakupiga machoni. Swala nafuata nyakati za mji ulioko kusini ambako bado lina kuchwa na kuchomoza, hivo ndo nilivoshauriwa. Mama kanipigia simu jana, "mwanangu, huko mnalala saa ngapi?" nikamwambia mama, usiku wenyewe hakuna, tunafunga pazia nene tunalala tukichoka. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza, "na hao ndege wako, wao wanalala?" Swali zuri kuliko alivojua, nitalirudia.

3 Juni

Mabaka ya kwanza ya ardhi yamefunguka kwenye vilima vidogo ambako upepo umekwangua theluji. Na papo hapo wako ndege. Chamchanga wadogo, Calidris pusilla, kila mmoja na gramu 25 hivi, wametoka Amerika Kusini na wamefika nchi ambayo bado ni barafu, wanagombania kajiwanja kasikozidi sebule ya nyumba.

Watu wengi wanadhani ndege anakuja na mafuta ya kutosha anaweka mayai mara moja. Kwa mabukini wakubwa ni kweli kiasi, wanabeba akiba. Hawa wadogo hapana, mwaka 2001 ulitoka utafiti uliopima kemikali za mayai na manyoya ya vifaranga wa ndege wa tundra, yani hii nchi ya Aktiki isiyo na miti, ikaonekana mayai yao yanatengenezwa kwa chakula cha hukuhuku tundra sio cha kule walikotoka. Sasa piga hesabu, yai moja la pusilla ni karibu gramu 7, anaweka manne, yani jumla yake inafika uzito wa mama mwenyewe, na anayatoa kwa viwavi na mabuu anayookota kwenye kale kabaka kasiko na theluji. Theluji ikichelewa hakuna mabuu, hakuna mabuu hakuna mayai. Mwaka 2018 Zackenberg, kaskazini mashariki mwa Greenland, theluji ilikua nyingi na ikakawia mpaka karibu kila kitu kilishindwa kuzaa, ndege, wanyama, hata mimea mingi haikutoa maua. Kuna ndege waliokutwa wamekonda vibaya, wengine wamekufa, wanangoja ardhi ifunguke.

Jioni nimekaa na mzee mmoja wa Kiinupiat, wenyeji wa hapa, mwindaji wa nyangumi, alikua anatengeneza injini ya boti yake nje ya nyumba. Nikamuuliza msimu anauonaje. Hakuangalia juu wala chini, kaniuliza yeye: "umeona bundi wangapi?" Nikamwambia mmoja, akiruka mbali. Akatingisha kichwa akaendelea na injini yake.

6 Juni

Leo nimeelewa kwa nini mzee aliuliza bundi.

Lemingi ni panya mnene wa tundra, mkia mfupi, masikio hayaonekani, na msimu wa baridi wote anaishi chini ya theluji na kuzaa hukohuko, theluji ndo blanketi yake. Ikiyeyuka yanabaki mapumba ya nyasi kavu, mviringo, kama kiota cha kuku kilichogeuzwa juu chini, hayo ndo majumba yao ya baridi. Tumetembea mistari yote miwili kutwa nzima kuyahesabu, wenzangu waliofanya kazi hapa misimu ya nyuma wanasema mwaka wa lemingi huwezi kupiga hatua kumi bila kukuta pumba, na panya wenyewe wanakukatizia miguuni. Leo mapumba yote tuliyokuta yanahesabika kwa vidole vya mikono, na mengi ni ya zamani, yameoza. Panya hai sijaona hata mmoja.

Kwetu pwani bundi akilia juu ya paa watu wanashtuka, wazee wanasoma dua, ni ndege wa msiba. Huku ni kinyume, msiba ni asipokuja. Bundi mweupe anazaa hapa pale tu lemingi wakiwa wengi, mtafiti Denver Holt amekua akiwafuatilia bundi wa hapa tangu 1992 na hilo limeonekana wazi miaka yote, kuna msimu wanajaa na kuna msimu hakuna kiota kabisa. Hata jina lingine la zamani la mahali hapa, Ukpiaġvik, maana yake inaelezwa kua ni mahali pa kuwinda bundi weupe. Na skua pomarini, yule ndege mweusi wa baharini mwenye mkia kama vijiko viwili, naye ni hivohivo. Frank Pitelka, mtafiti wa chuo kikuu cha Berkeley, aliyaandika haya akiwa hapahapa miaka ya 1950. Leo skua wamepita, makundi madogo madogo, wanazunguka juu ya tundra chini chini, wanatazama, wanaondoka kuelekea mashariki. Hawakutua.

9 Juni

Theluji imebaki kama nusu. Maji yako kila mahali. Na hili ni jambo nilikua silielewi mpaka nimelikanyaga: mvua na theluji ya mwaka mzima hapa haifiki milimita 150, kwa kipimo hicho ingekua jangwa, lakini sentimita 40 tu chini ya gamubuti ardhi imeganda na haijawahi kuyeyuka, kwa hiyo maji hayana pa kwenda, yanakaa juu. Ardhi imepasukapasuka kwa baridi ikagawanyika vipande vya pembe nyingi kama tope la ziwa lililokauka ila kila kipande kina upana wa chumba au nyumba, katikati kidimbwi, pembeni tuta. Ndege wanaweka kiota kwenye tuta, wanakula kwenye kidimbwi. Kumbe nchi yote hii imejengwa na barafu iliyo chini yake.

Kiota cha kwanza: namba 1, pusilla, mayai mawili. Nimepiga magoti nikakaa nayo dakika nzima.

13 Juni

Viota 14 mpaka leo. Kazi ya leo ilikua kuelesha mayai kwenye maji na nataka niieleze vizuri.

Ukikuta kiota kimeshatimia mayai manne hujui ameanza kulalia lini, na usipojua hujui kitaangua lini. Kwa hiyo unachukua kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, unatia maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, nimeyapima kwa kiwiko vile mama anavopima maji ya kumuogesha mtoto, yakiwa baridi unaua kilichomo. Unaliteremsha yai taratibu kwa vidole viwili. Yai la kiota namba 6 lilikwenda likalala chini kabisa, ubavu, kama mtu amelala kitandani, hilo ni la juzi au jana. La namba 11 lilikaa chini lakini upande wake mnene umeinuka, limeinama. Namba 3 limesimama wima, ncha chini, linacheza cheza kwenye maji, hilo lina kama wiki. Baadae kabisa linapanda na kutoa kichwa juu ya maji. Nyumbani yai likielea tunasema viza, linatupwa. Hapa yai likielea ndo furaha, manake kila siku linapoteza unyevu kidogo na chumba cha hewa kinakua, kifaranga kinajengeka ndani. Yale mayai yana rangi ya udongo na madoa ya kahawa, yamechongoka kama pea, na mama anayapanga ncha zote zimetazama katikati ili manne yakae chini ya kifua kimoja. Ukiyarudisha lazima uyarudishe vilevile, na kijiti cha alama, kile cha mbao kama cha aiskrimu, unakichomeka hatua kadhaa mbali na kiota, maana wapo mbweha wanaojifunza kusoma vijiti.

16 Juni

Jibu la swali la mama. Kuna chamchanga hapa, Calidris melanotos, dume lake lina mfuko kifuani linaujaza hewa linaruka chini chini likitoa sauti ya mvumo, huu huu huu, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Madume haya hayasaidii kulea kabisa, kazi yao ni kutafuta majike wengi iwezekanavyo ndani ya wiki chache. Watafiti waliwafunga vifaa vidogo hapahapa Utqiagvik na mwaka 2012 wakatangaza kua kuna dume aliyekaa macho zaidi ya asilimia 95 ya muda kwa siku 19, na waliolala kidogo ndo waliopata watoto wengi. Nimempigia mama nikamwambia. Akasema basi na mimi nilale, mimi sio ndege.

Kwa falaropu wekundu, ndege wengine wa ufukweni wanaozaa hapa, mambo yamegeuka, jike ndo mwenye rangi, wekundu wa matofali mpaka tumboni, anaweka mayai anaondoka, baba mwenye rangi iliyofifia analalia peke yake siku 19 hivi. Kiota namba 17 ni cha falaropu. Baba yake alitulia mpaka mkono wangu ukafika karibu shubiri moja, nikaona jicho linapepesa.

21 Juni

Nalukataq, sherehe ya nyangumi. Wavuvi waliopata nyangumi msimu wa kuchipua wanalisha mji mzima, na vijana wanarushwa juu kwa ngozi iliyoshikwa na watu pande zote. Tumekaribishwa kama wageni wanavokaribishwa kwenye harusi kwetu, huulizwi umetoka wapi, unapewa sahani. Tulirudi kazini saa tano za usiku kwenye jua kamili.

Yule mzee nilimkuta. Nikamwambia mzee, skua wamepita hawakukaa. Akaniambia, bata aida je?

Anayemuulizia ni aida wa Steller, bata mdogo wa bahari, dume kichwa cheupe na kifua rangi ya kutu. Wanaozaa Alaska wamebaki wachache sana, walitiwa kwenye orodha ya Marekani ya walio hatarini mwaka 1997, na eneo hili ndo karibu kimbilio lao la mwisho la kuzalia upande huu wa dunia, wengine wengi wako Urusi. Nimewaona wawili wawili kwenye vidimbwi tangu theluji ilivotoka, wanaogelea, wanakula, hawaweki kiota. Ndege hawa wanazaa hapa kwenye miaka ya lemingi tu, na wanapenda kuweka kiota karibu na skua au bundi, manake skua na bundi wanafukuza mbweha kwenye eneo lao na aida anajificha kwenye ulinzi huo. Bila panya hakuna bundi, bila bundi hakuna mlinzi, bata anaona bora asiweke yai msimu huu kuliko kumlisha mbweha. Nilivomjibu mzee kua hakuna kiota, akasema hata babu yake angejua hilo siku theluji inayeyuka.

25 Juni

Siku mbaya. Naandika saa nane usiku sababu usingizi hauji.

Viota vimefika 31 jumla. Leo tumezunguka vyote. Tisa vitupu.

Kiota namba 9 nilikua nakipenda, kilikua chini ya majani ya mwerebi mdogo ule usiozidi urefu wa kidole, mayai manne yalikua yanaelea, siku tano sita zimebaki. Nimefika saa nne asubuhi, kikombe cha kiota kiko safi kabisa, majani makavu yamelala vilevile kwenye umbo la mayai, hakuna ganda, hakuna damu, hakuna unyoya. Kamera tuliyoitega ina picha tatu. Ya kwanza ndege amelala. Ya pili, mbweha, rangi ya hudhurungi ya kiangazi, mbavu zinaonekana, kichwa kimeinama. Ya tatu hakuna kitu. Kati ya ya pili na ya tatu ni sekunde chini ya 30. Mbweha wa Aktiki mayai hayali yote palepale, mengine anayabeba moja moja mdomoni anayafukia ardhini, ardhi hii ni friji, atayarudia njaa ya baridi ikija.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulipokua tunaondoka yule pusilla alirudi. Akatembea mpaka kwenye kiota, akazunguka mara moja, akalala juu ya majani matupu. Akakaa, akasimama, akatazama chini yake, akalala tena.

Simlaumu mbweha, nataka hilo lieleweke. Mwaka wa lemingi mbweha huyuhuyu anapita pembeni ya kiota hana habari nacho, tumbo limejaa, na watoto wake shimoni wanakula panya. Panya wakiisha anabaki na midomo ya kulisha na tundra yote imejaa mayai. Karibu na mji iliwahi kuwekwa mitego ya kuwapunguza kwa ajili ya aida, lakini eneo letu liko nje ya hapo.

Na hapa ndo Mida inaingia. Mwaka 1979 Mholanzi mmoja, Roselaar, alionyesha kua idadi ya watoto wa chamchanga mdomo-kombo wanaopita Ulaya inapanda na kushuka pamoja na lemingi wa Siberia. 1987 Summers na Underhill wakaja na hesabu pana zaidi, bata bukini wa Brent wanaokaa baridi Ulaya Magharibi na ndege wa ufukweni wanaoshuka mpaka Afrika Kusini, wote wanatoka Taimyr, na miaka yao ya neema na ya ukame wa watoto inakwenda pamoja, karibu kila mwaka wa tatu. Bukini Uholanzi na chamchanga Langebaan, Afrika Kusini, hawajuani, hawali kitu kimoja, kinachowaunganisha ni kua mayai yao yalinuswa na mbweha mmoja. Nilikua nimeyasoma. Leo nimeyaona. Kumbe zile siku tunasimama kwenye tope la Mida tunaandika "watoto: 0", tulikua tunaandika habari za panya wa Siberia bila kujua.

2 Julai

Viota vilivyobaki 12. Aliyepoteza mapema Juni anaweza kujaribu tena, tumeona wawili wamefanya hivo, lakini kwa sasa muda umekwisha, kifaranga wa mwezi wa nane hana wakati wa kukua.

Kamera nne kati ya kumi zimekufa betri. Aliyetuuzia alituhakikishia zinahimili baridi, na kwenye viota hivyo vinne sitaweza kusema kiota kilikwisha vipi, nitaandika "haijulikani". Inaniudhi sana manake huwezi kuurudia msimu.

5 Julai

Kimeangua! Namba 22, pusilla, vifaranga wanne. Maganda ya mayai mama alikua ameshayabeba akayatupa mbali. Vifaranga ni kama pamba iliyonyunyiziwa unga wa dhahabu, madoa madogo meupe kwenye ncha za manyoya, na miguu mirefu iliyopita kiasi kwa mwili wake, ukubwa wote ni wa kidole gumba changu. Tumewavisha pete wakiwa bado na unyevu. Ndani ya siku moja wanaacha kiota na wanajilisha wenyewe, mzazi hawapi hata mdudu mmoja, kazi yake ni kuwaonyesha njia na kuwafunika, maana wiki ya kwanza hawawezi kutunza joto lao. Wanakula dakika chache, wanakimbilia tumboni mwa baba kupata moto, wanatoka tena. Mama anaondoka mapema, baba anabaki.

9 Julai

Visubi wametoka. Nimeamka vidimbwi vimefunikwa na moshi mweusi unaocheza juu ya maji, mamilioni, na vikombe vyetu vya kuzika ardhini vya kunasia wadudu ambavyo wiki iliyopita vilikua na buibui wawili watatu leo vimejaa mpaka ukingoni.

Kuna kisubi kwenye vidimbwi hivi vya Utqiagvik ambaye tangu miaka ya 1980 inajulikana anakaa miaka 7 kama funza mwekundu kwenye tope la chini, miaka 7 anaganda na kuyeyuka, alafu anatoka anaruka siku chache anataga anakufa. Wanatoka karibu wote pamoja, ndani ya siku chache, wakati maji yakipata joto. Na kifaranga wa ndege uhai wake wote uko kwenye siku hizo. Akiangua wiki moja kabla, hakuna chakula. Akiangua wiki moja baada, wamekwisha. Namba 22 waliwahi siku nne, wamevumilia na buibui, leo nimemuona mmoja kwa pete yake anakimbia pembeni ya maji anadonoa kushoto kulia bila kupumzika.

Theluji inatoka mapema zaidi miaka hii kuliko zamani, na visubi wanafuata joto, ila ndege aliyeko Brazili hawezi kujua kama huku kumeshafunguka. Taimyr imeshapimwa: chamchanga wakubwa wale wa Calidris canutus wanaozaa huko na kukaa baridi Banc d'Arguin, Mauritania, utafiti wa 2016 ulionyesha kwa zaidi ya miaka 30 theluji imekua ikitoka mapema karibu nusu siku kila mwaka, na watoto wanaolelewa mwaka ambao theluji imewahi kutoka wanakua wadogo, na mdomo mfupi. Mdomo mfupi wakifika Mauritania haufikii kombe lililozama kwenye tope. Wanakufa huko, mbali, kwa sababu ya wiki moja ya wadudu waliyoikosa huku.

14 Julai

Upepo kutoka baharini, nyuzi 0, theluji ya majimaji tangu saa sita mchana mpaka usiku wa manane. Hatukutoka, ukitembea unawainua wazazi juu ya watoto na dakika kumi za baridi hii zinatosha kuua. Tumekaa ndani tunaingiza data. Nimeshindwa kuacha kuangalia dirishani.

16 Julai

Vifaranga wawili wa falaropu wamekutwa wamekufa, wamekaa pamoja, wamelowa. Wa namba 22 nimeona mmoja hai. Wengine watatu sijawaona tangu dhoruba, hiyo haimaanishi wamekufa, wanajificha vizuri sana, naandika tu nilichoona.

Aida wameondoka vidimbwini, wamekwenda baharini wote.

24 Julai

Siku ya mwisho uwanjani. Tundra imekua ya kijani na pamba nyeupe za nyasi zinapepea kote na imekua kimya. Majike ya pusilla yalishaondoka zamani, madume ya melanotos hayapo tangu mwanzo wa mwezi, wanaobaki ni baba wachache na watoto, nao wakubwa wataondoka kabla ya watoto, watoto watakwenda peke yao baadae kwa njia ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Nimejaza fomu. Upo mtandao ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 unakusanya taarifa za hali ya kuzaliana kwa ndege wa Aktiki kutoka Urusi, Alaska, Kanada, Greenland na kwingineko, Warusi Soloviev na Tomkovich ndo walioushika, na maswali yao ni yaleyale ya mzee wa hapa: kuchipua kulikua mapema au kulichelewa, panya wengi au wachache, mbweha, bundi, skua, mafanikio ya viota. Kwangu nimeandika: theluji, kawaida. Lemingi, wachache sana. Bundi, hakuna kiota. Skua pomarini, hakuna kiota. Aida wa Steller, wameonekana, hawakuzaa. Mbweha, wengi. Viota 31, vilivyoangua 8, visivyojulikana 4, vilivyobaki vimeliwa. Hali mbaya ya hewa wakati wa vifaranga, ndiyo, siku moja.

Nimewaandikia wenzangu wa Watamu kua kuanzia Oktoba wasiishie kuhesabu jumla, kila kundi la mdomo-kombo watenge wakubwa na watoto, hata kama darubini moja na mvua inanyesha, na waandike hata ikiwa sifuri. Taimyr imekua na mwaka gani sisi tutaijulia kwenye tope letu kabla ya kusoma popote.

Mchana nilizunguka kung'oa vijiti vyote 31. Kwenye namba 22 majani ya kiota yamesambaa na upepo, nikiinama kukivuta kijiti nikasikia sauti nyembamba, tirrr, baba yule, na nyuma yake mmoja mwenye pete, mabawa yameshaota, manyoya ya mgongoni yamezungushiwa ukingo mweupe moja moja kama magamba. Aliruka mita tano hivi, akatua vibaya, akaruka tena.